Matuga: Jumba la Michezo Lililopimwa kwa Kamba

Msafiri atokaye Mombasa kwenda pwani ya kusini huvuka kivuko cha Likoni, au siku hizi huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, kisha hushika njia iendayo Lunga Lunga. Hupita Ng'ombeni na Waa, minazi upande huu na mikorosho upande huu, na kabla hajafika Tiwi huikuta njia panda ya Kombani. Hapo barabara moja hupanda kwenda Kwale na vilima vya Shimba, na nyingine huendelea kwenda Diani na Msambweni. Nchi hiyo ya katikati ndiyo Matuga. Makarani na maofisa wengi kutoka kila pembe ya Kenya waijua kwa sababu ya chuo cha mafunzo ya watumishi wa serikali kilichopo hapa. Huja, husoma, hulalamikia joto, hula samaki wa kupaka, kisha hurudi makwao. Aghalabu hawapati nafasi ya kutembea nje ya lango la chuo wakati wa jioni, na hiyo ni hasara yao, kwa maana jioni ndiyo saa ya Matuga.

Jua likipungua ukali, kila kiwanja hujaa watu. Vijana hupiga voliboli juu ya mchanga mwekundu, wasichana wa shule hucheza mpira wa pete, na kandanda haina haja ya kutajwa. Lakini michezo hii ina maadui wawili. Adui wa kwanza ni mvua ya masika, ambayo hushika nguvu mwezi wa Mei na kuvigeuza viwanja kuwa madimbwi. Adui wa pili ni giza. Huku kwetu karibu na ikweta jua halikawii kuzama; saa kumi na mbili na nusu mpira hauonekani tena, na mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja amepata muda mfupi tu. Ndiyo maana watu wakikutana barazani hulirudia neno moja: jumba la michezo, lenye paa na taa.

Yafaa niseme mapema kwamba hakuna fedha iliyotengwa wala mchoro uliopitishwa. Lililofanyika ni hili tu: mwalimu mmoja wa michezo, seremala mmoja na wazee wawili watatu walitaka kujua jumba kama hilo lingekuwa na ukubwa gani, na ndani yake kila kitu kingekaa wapi. Waliniita mimi kwa kuwa ni karani, niandike hesabu. Nimeona yafaa kuwaeleza wasomaji, kwa sababu vijiji vingi vyatamani jambo hilihili, na aghalabu watu huanza kubishana juu ya rangi ya ukuta kabla ya kujua mpira wahitaji nafasi kiasi gani.

Kwanza tulikwenda kutazama. Jumamosi moja tulivuka kivuko, ambacho mtu wa miguu halipi kitu, tukafika Makande, karibu na bandari ya Kilindini. Huko liko jumba la michezo la Mamlaka ya Bandari, ambapo timu zake za mpira wa kikapu hucheza. Mwalimu alitazama wachezaji. Seremala hakuutazama mchezo hata kidogo. Muda wote macho yake yalikuwa juu, akizihesabu kenchi za paa. Mimi nilitazama miguu ya watu. Mchezaji wa kikapu akiukimbilia mpira unaotoka nje hawezi kusimama ghafula kwenye mstari; mwendo humchukua hatua mbili tatu mbele, na kama hapo pana benchi, ukuta au mtoto aliyekaa chini, mtu ataumia. Basi uwanja wa ndani hauishii kwenye mistari yake. Wenye kutunga sheria za mchezo huo wanajua, ndiyo maana husema uwanja ni mita 28 kwa 15, na kuuzunguka pawe na mita 2 tupu kila upande. Mwenye kujenga kwa kipimo cha mistari peke yake amejenga mtego.

Tukiwa kivukoni wakati wa kurudi mwalimu alitusimulia asili ya mchezo wenyewe, nami nasimulia tena kwa sababu yahusu majengo. Mwezi wa Desemba mwaka 1891, huko Springfield katika Marekani, mwalimu James Naismith alitafuta mchezo wa kuwachezesha vijana ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alipata vikapu viwili vya kuwekea matunda, akavipigilia kwenye ukingo wa roshani iliyokuwa katika ukumbi ule. Roshani ilikuwa na kimo cha futi 10 kutoka sakafuni, na hadi leo, dunia nzima, pete ya kikapu hukaa kwenye kimo hichohicho, yaani mita 3.05. Kisha watazamaji waliokaa juu rosheni wakaanza kuuzuia mpira kwa mikono, wengine wakiusaidia uingie. Ndipo ukawekwa ubao nyuma ya kikapu. Tazama jinsi fundi aliyejenga roshani bila kuwaza mpira alivyowawekea sheria watu wasiozaliwa bado.

Yako majumba makubwa, nasi hatukuyasahau. Kasarani, Nairobi, pana jumba la ndani lenye nafasi ya watu kama 5,000, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika Nzima ya mwaka 1987. Kigali walifungua lao mwezi wa Agosti 2019, lenye viti 10,000, na mwaka 2021 likaandaa msimu wa kwanza wa ligi ya kikapu ya Afrika. Ni fahari kuyaona. Lakini mtu wa Matuga akiyachukua kuwa kielelezo atapotea, kwa maana majumba yale yalianza na hesabu ya watazamaji. Jumba la kijiji lazima lianze na hesabu ya wachezaji, kwa kuwa siku nyingi za mwaka hakuna mtazamaji ila ndugu za wachezaji na watoto wasio na la kufanya.

Siku ya kupima tulikutana kwenye kiwanja cha wazi, saa mbili asubuhi, kabla ya joto. Kamba ndefu tuliazima kwa mvuvi wa Tiwi. Vigingi seremala alivichonga mwenyewe. Mwalimu alikuja na karatasi ya vipimo vya kila mchezo, na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hatukulitazamia. Wengi wetu tulidhani mpira wa kikapu ndio mkubwa kuliko yote tunayotaka. Kumbe sivyo. Voliboli ni mita 18 kwa 9, na ukiongeza mita 3 tupu kila upande wapata 24 kwa 15. Kikapu na nafasi yake ni 32 kwa 19. Lakini mpira wa pete, ambao wasichana wa shule zetu huucheza kila siku, ni mita 30.5 kwa 15.25, na ukiongeza nafasi yake ya pembeni, mita 3.05 kila upande, wafika mita 36.6 kwa 21.35. Mpira wa mikono wazidi hata huo, mita 40 kwa 20 bila ya pembeni, lakini huo hauchezwi sana kwetu.

Maana ya hesabu hii ni nzito. Jumba likichorwa kwa kipimo cha kikapu, wasichana wa mpira wa pete wamekwisha kufungiwa nje kabla tofali la kwanza halijawekwa, wala hapatakuwa na mtu wa kulaumiwa, kwa sababu hakuna aliyewakataza. Ukuta ndio utakaowakataza. Likichorwa kwa kipimo chao, kikapu chaingia bila shida, voliboli yaingia, na mchezo wa vinyoya uitwao badmintoni wapata viwanja vinne vikiwa vimelazwa mmoja kando ya mwingine. Tofauti yenyewe ni mita 4 na nusu kwa urefu na mbili na ushei kwa upana. Seremala alikuna kichwa, akasema kila mita ya upana huongeza uzito wa kenchi na bei ya chuma. Ni kweli. Hata hivyo vigingi vilisogezwa, na mimi nilifurahi kuandika 36.6.

Baada ya hapo ndipo ulipotokea ubishi mkubwa, nao ulikuwa juu ya jukwaa. Mzee mmoja, mtu wa heshima ambaye amehudhuria mikutano mingi kuliko sisi sote, alitembea hadi mwisho wa kamba upande wa mashariki akapiga mkongojo chini.

"Jukwaa litakaa hapa," akasema. "Wageni wakija na hotuba zao watakaa wapi, bwana karani?"

"Shikamoo babu," akajibu mwalimu, ambaye alikuwa amechelewa kumwamkia. "Hapo ndipo pete ilipo."

"Marahaba mwanangu. Pete yaweza kusogea. Mgeni hasogei."

Watu wakacheka, lakini mzee alisema jambo ambalo limeharibu kumbi nyingi za nchi hii. Kumbi zetu nyingi za zamani, za mijini na za wilayani, zilijengwa kwa mikutano, senema na dansi, na jukwaa la saruji upande mmoja. Michezo ikaja baadaye na kukaa kama mpangaji katika nyumba ya mtu. Ukicheza voliboli katika ukumbi wa namna hiyo, timu moja ina ukuta nyuma yake na nyingine ina ukingo wa jukwaa, na mwenye kurudi nyuma kuupokea mpira huvunjika kiuno. Kwa upande mwingine hatuwezi kumdharau mzee. Jumba lisilopata harusi, maulidi wala mkutano halitapata fedha ya kulipa umeme na mlinzi. Seremala ndiye aliyeleta suluhu: jukwaa la mbao la vipande, kila kipande kibebwe na watu wawili, likae ghalani na kutolewa siku ya sherehe. Mzee aliuliza kama vipande hivyo vyaweza kumstahimili mtu mnene. Alipoahidiwa kwamba vyaweza, akakubali.

Ghala nalo basi likakua. Tulikuwa tumelipa mita 3 kwa 3, kana kwamba ni kabati. Hesabu vitu vyake: vipande vya jukwaa, viti vya harusi, nyavu na milingoti yake, nguzo za pete, meza za tenisi ya mezani ambazo kila moja ikifunguliwa ina urefu wa mita 2.74, na magodoro ya mazoezi. Sasa limepewa mita 6 kwa 8, na mlango wake ufungukie uwanjani, uwe mpana kiasi cha kupitisha meza bila kuilaza. Viti vya miguu ya chuma vivishwe viatu vya mpira, la sivyo harusi moja itachora sakafu mistari mingi kuliko ya michezo yote.

Kuhusu watazamaji hatukukawia. Vidato vinne vya kukalia, upande mmoja tu, ule wa kusini, urefu wote wa uwanja. Kila mtu akipewa nusu mita, na tukitoa nafasi ya ngazi mbili, wapata watu 260 na zaidi kidogo. Mbele ya kidato cha kwanza, chini sakafuni, pabaki nafasi ya wenye viti vya magurudumu, na mlango wao uwe na mteremko badala ya ngazi. Milango mikubwa iwe miwili, kila mmoja upande wake, na yote ifungukie nje, ili watu wakikimbia kwa hofu wasiusukume mlango usiofunguka.

Alikuwapo mama mmoja muuza vitumbua aliyesimama pembeni na kapu lake tangu asubuhi. Hakuwa ameitwa, lakini alifuata kamba kwa macho. Mwishowe akauliza, "Na binti yangu atapita wapi?"

Mwalimu akamwonyesha mlango mkubwa. Mama akatikisa kichwa. Akaeleza kwa adabu kwamba binti yake hatatoka chumba cha kubadilishia nguo na kupita mbele ya vidato vilivyojaa vijana wenye maneno, na kwamba kama hakuna njia nyingine, baba yake hatamruhusu, wala yeye mama hatamtetea. Mzee wa jukwaa akamuunga mkono papo hapo. "Hata kaya ilikuwa na mlango wake," akasema, "na kila mtu alijua apite wapi."

Naandika neno hili kwa kirefu kwa sababu kwa maoni yangu ndilo lililokuwa la maana kuliko yote siku ile. Vipimo vya mita vimo katika vitabu vya sheria, hiki hakimo. Vyumba vya kubadilishia nguo tulikuwa tumeviweka vyote pamoja upande wa magharibi, mlango mmoja, kwa kubana bomba la maji. Sasa cha wanaume kimebaki magharibi na cha wanawake kimehamia mashariki, penye mlango wake wa nje, choo chake, na mlango wa kuingilia uwanjani upande wa kaskazini, usio na vidato. Msichana ataingia kutoka njiani, atabadili nguo, atacheza na kuondoka bila kupita mbele ya mtu. Bomba litakuwa refu zaidi, na gharama itaongezeka. Lakini jumba ambalo nusu ya vijana hawaruhusiwi na wazazi wao kuliingia ni ghali zaidi kuliko bomba lolote.

Maji yenyewe yataka akili. Visima vya Tiwi hulisha watu wengi, na mfereji ukikauka chumba cha kuogea hugeuka kero. Paa la jumba kama hili, mita 42 kwa 26, lina eneo la mita za mraba 1,000 na zaidi. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 tu yaweza kutoa karibu lita 10,000 ikikingwa vizuri. Tangi liwepo tangu mwanzo, na mahali pake pachorwe.

Lililobaki ni la seremala zaidi kuliko langu. Kutoka sakafuni hadi boriti ya chini kabisa pawe na mita 7 tupu, kwa maana kikapu na voliboli zote zadai hivyo. Taa na feni zisiteremke chini ya hapo. Jumba lilale mashariki hadi magharibi, na kuta za miisho hiyo miwili, zilizo nyuma ya pete, zisiwe na madirisha, ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji machoni. Hewa iingie kaskazini na kusini kwa matofali ya matundu, kwa kuwa kaskazi na kusi zote mbili zitapata njia, na joto litoke kwenye mgongo wa paa. Upenu wa kusini uwe mpana, kwani mvua ya kusi huja kwa mshazari. Siku ya badmintoni matundu yafungwe kwa vibao, maana kinyoya hupeperushwa hata na upepo mdogo. Mabati yawe ya kupakwa rangi. Chumvi ya bahari haina huruma kwa bati tupu. Sakafu ya mbao ni nzuri kwa magoti, lakini kwa unyevu wa pwani na mchwa wetu yahitaji utunzaji ambao sijauona mahali pengi. Saruji laini yenye tabaka la mpira juu yake yaweza kutufaa zaidi.

Jambo moja haliwezi kungoja. Mashimo ya milingoti ya nyavu lazima yawekwe kabla saruji ya sakafu haijamwagwa, kila shimo na kifuniko chake. Wasomaji wameona katika shule nyingi milingoti ya voliboli iliyosimamishwa ndani ya matairi ya gari yaliyojazwa saruji. Ndiyo dawa ya mtu aliyesahau mashimo, na ndani ya jumba matairi yale huvunja vidole vya miguu.

Saa sita joto lilitushinda. Mwalimu alinakili hesabu zangu katika daftari lake, na mzee akaahidi kuliuliza swali la ardhi katika baraza lijalo, kwa maana kiwanja kile ni cha umma kwa maneno ya watu, na hati yake hakuna hata mmoja kati yetu aliyepata kuiona. Bila hati hakuna mhandisi atakayekubali kuchora. Vigingi tuliviacha. Kamba tuliikunja tukampelekea mwenyewe Tiwi jioni ileile, kwa sababu bamvua ilikuwa karibu naye aliihitaji mashuani.